Alisikia Jina, Hakusikia Kijiji



Juma hili hatuandiki juu ya uji wa watoto wala juu ya madaftari ya shule. Tunaandika juu ya sauti ndani ya nyumba: sauti ya redio, ya mashini, ya simu ya ndugu walio mbali. Msidhani ni jambo la vijana peke yao. Nyumbani kwetu jambo hili lilileta kilio cha usiku mzima, na aliyelia alikuwa mama mkwe wetu.

Mama ni mtu wa Lubero. Alikuja kukaa nasi hapa Ndosho baada ya baba mkwe kufariki. Mchana hana shida: anachambua maharagwe, anacheza na watoto, anasalimia majirani. Lakini jioni anataka jambo moja tu, kusikiliza redio ya kwao, hasa saa ya matangazo ya vifo. Mawimbi ya redio ile hayafiki Goma, kwa hiyo tunaifuata kwa intaneti. Simu ya baba watoto inagawa wifi, mashini ya zamani tuliyonunua kwa mwalimu mwenzetu inashika redio, na bafle mbili ndogo zinatoa sauti saloni.

Jioni moja mtangazaji akaanza kusoma. Familia inatangaza kifo cha mama fulani, umri wa miaka sabini na kitu, wa kijiji cha... hapo sauti ikakatika. Iliporudi tukasikia tu kwamba mazishi ni kesho. Na jina lililosomwa lilikuwa jina la mdogo wake Mama, wa tumbo moja.

Wanaojua majina ya Wanande watatuelewa. Kwa desturi msichana hupewa jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa, kwa hiyo wanawake maelfu wanaitwa sawa. Kinachomtofautisha mmoja na mwingine ni jina la pili na kijiji. Na hayo mawili ndiyo tuliyokosa.

"Wamesema kijiji gani?" Mama akauliza. Tukatazamana. Sisi tulikuwa tunakoroga fufu, watoto walikuwa wanagombana, baba watoto alikuwa anahesabu pesa. Hakuna aliyesikia. Tukapiga simu kwa yule mdogo wake, haikupatikana. Tukapiga kwa shangazi, haikupatikana. Mama akakaa chini kwenye mkeka, hakula, hakulala. Sisi tulikaa naye, maana hakuna namna ya kumwambia mtu alale wakati hajui kama ana msiba au hana.

Kesho yake saa tatu asubuhi simu ikalia. Alikuwa mdogo wake mwenyewe. Betri ilikwisha, alikuwa shambani, yuko mzima. Tukacheka, tukalia, tukamshukuru Mungu. Lakini Mama hakucheka. Alifuta macho yake kwa kikwembe, akasema: "Ndani ya nyumba hii makelele ni mengi, lakini maneno hayanifikii."

Neno lile lilituchoma. Kwa maana kwa muda mrefu tulikuwa tunasema pembeni kwamba Mama ameanza kuwa mkaidi. Ukimwambia leta kikombe, analeta kisu. Ukimwambia tunaenda sokoni, anajibu habari za kanisa. Tulidhani ni uzee wa kichwa. Hatukujiuliza kama maneno yetu yanafika.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kupandisha sauti. Jioni iliyofuata tuliweka kila kitu juu kabisa. Majirani walisikia, watoto waliziba masikio, na Mama akasema bado haelewi. Baba watoto akaona dawa ni kununua bafle kubwa, kama zile za kwenye harusi. Pesa ilikuwepo: zamu yetu ya likelemba ilikuwa imekaribia. Lakini pesa ile ilikuwa na jina lake tayari, minervali ya mtoto wetu mkubwa. Tukaomba tupewe siku saba kwanza, tutafute ugonjwa uko wapi kabla ya kununua dawa.

Tukafanya kama tunavyofanya darasani. Mtoto akishindwa kusoma, mwalimu mzuri hapigi kelele zaidi. Anapima kwanza mtoto anakwama wapi. Tukaandaa imla. Tuliandika maneno 20 mafupi yanayofanana: saa, taa, kaa, faa, pika, shika, fika, zika, tano, kano, pano, na mengine ya namna hiyo. Binti yetu akayasoma polepole ndani ya simu na kuyarekodi. Tukapeleka ile sauti kwenye mashini, ikatoka kwenye bafle, na Mama akarudia alichosikia. Alipata 8 kwa 20. Watoto wakaanza kucheka, tukawanyamazisha.

Kisha tukazima mashini, tukafunga mlango, tukakaa mbele ya Mama uso kwa uso. Tukasoma maneno yale yale kwa sauti ya kawaida. Akapata 15 kwa 20.

Hapo ndipo tulipoelewa. Wamama, tafadhali mtulie kidogo kwenye hesabu hii, kwa sababu ndiyo iliyookoa pesa ya minervali. Kama masikio ya Mama yangekuwa ndiyo shida yote, angekosa vilevile mara zote mbili. Lakini kati ya 8 na 15 kuna maneno 7. Maneno yale 7 hayakupotea ndani ya masikio yake. Yalipotea njiani, kati ya redio na kiti chake. Na njia ile ni yetu. Sisi ndio tuliitengeneza vibaya.

Mbona neno "saa" ligeuke "taa"? Tulipokuwa ISP tulifundishwa jinsi sauti za lugha zinavyotoka mdomoni. Herufi a, e, i, o, u zina nguvu, ndizo zinazojaza nyumba. Herufi kama s, f, t, k na p ni fupi na dhaifu, na nyingine kama s na f ni nyembamba sana. Lakini hizo dhaifu ndizo zinazobeba tofauti: toa herufi ya kwanza kwenye saa, taa, kaa na faa, zote zinakuwa kitu kimoja. Kadiri mtu anavyozeeka, masikio huanza kupoteza kwanza zile sauti nyembamba za juu. Kwa hiyo mzee anasikia kwamba mtu anasema, ila haelewi anasema nini. Na ukipandisha sauti yote kwa pamoja, zile nene zinavimba na kufunika zile nyembamba. Unamwongezea makelele, humwongezei maneno.

Basi tukaamua kufuata njia yote, hatua kwa hatua, kutoka intaneti mpaka sikioni. Kanuni ilikuwa moja: kubadilisha kitu kimoja tu kila jioni, kukiandika katika daftari, na kurudia imla. Ukibadilisha vitu vitano kwa mara moja hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Binti yetu alikuwa anabadilisha utaratibu wa maneno kila siku, Mama asiyashike kwa kichwa.

Hatua ya kwanza ilikuwa kukatika kwa sauti. Sauti ya intaneti haiji kama maji ya mto. Inakuja vipande vidogo vidogo, na vingine vinachelewa. Mashini inaweka akiba ndogo, halafu inacheza kutoka kwenye akiba ile. Sisi wa Goma tunajua jambo hili vizuri kuliko watu wengi: mwenye bidon moja nyumbani, bomba likikauka asubuhi, analala bila kuoga. Mwenye bidon tano hata hajui kama bomba lilikauka.

Mashini yetu ilikuwa na bidon moja. Tunatumia VLC, ile programu yenye alama ya koni ya rangi ya machungwa. Hailipiwi, ilianzishwa na wanafunzi wa École Centrale kule Ufaransa mwaka 1996. Ndani yake akiba ya mtandao ilikuwa imeandikwa 1000, maana yake milisekunde 1000, yaani sekunde moja tu. Mtandao wetu ukishikwa sekunde mbili, neno limepotea. Tuliingia «Outils», kisha «Préférences», tukachagua chini kuonyesha «Tous», tukatafuta mahali palipoandikwa «cache réseau» pamoja na «ms». Tukafuta 1000, tukaandika 5000, tukahifadhi, tukafunga programu na kuifungua upya. Sasa redio inatufikia ikiwa imechelewa sekunde tano. Hilo halimdhuru mtu. Lakini muangalie: akiba kubwa ni ya redio na mahubiri. Kwenye mazungumzo ya simu haifai, maana ndugu atakuwa amejibu na wewe bado unasubiri.

Tukapunguza pia wanaogombania mtandao. Saa ya matangazo, simu za watoto hazipakui video. Ndani ya WhatsApp, kwenye «Stockage et données», tulizima kupakua video kwa wenyewe, na kweli mega zilianza kudumu. Tuliondoa simu inayogawa wifi nyuma ya kabati la chuma, tukaiweka dirishani. Baadaye tukaacha wifi kabisa kwa saa ile: tunaunganisha simu na mashini kwa kamba yake ya kuchajia, halafu tunawasha kugawa mtandao kwa USB. Kamba haina mambo mengi, na betri ya simu inachajiwa papo hapo.

Na hapa tuseme habari ya mega, kwa kuwa ndiyo inayotutoa jasho. Hesabu yake ni rahisi. Redio inayotuma sauti kwa kilobiti 128 kwa sekunde inakula mega karibu 58 kwa saa moja. Ile inayotuma kwa kilobiti 48 inakula mega kama 22. Kwa muziki mtu atasikia tofauti. Kwa mtu anayesema tu, 48 inatosha. Redio nyingine zinatoa njia mbili, nzito na nyepesi. Chukueni nyepesi kwa ajili ya habari na matangazo. Mtandao dhaifu unaibeba bila kukwama, kama vile chukudu yenye mzigo wa kadiri inavyofika kabla ya ile iliyopakiwa mpaka juu.

Baada ya hatua hiyo sauti haikukatika tena. Imla ilibaki 8, maana maneno ya imla hayakutoka kwenye mtandao. Lakini jioni ile Mama alisikiliza matangazo yote kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukatwa, na hilo peke yake lilimpa usingizi.

Hatua ya pili ilikuwa milango ya sauti. Sauti inapita milango mitatu: wa programu, wa mashini yenyewe, na wa bafle. Sisi tulikuwa tumefungua yote mitatu mpaka mwisho, na VLC inaruhusu hata kupita 100 mpaka 125. Sauti ikisukumwa kupita kipimo inachanika, na ikishachanika mlangoni hakuna bafle itakayoishona. Ni kama uji uliofurika kwenye sufuria: ulioanguka kwenye makala hauurudishi. Sasa programu iko 100, mashini iko kama 80, na tunapandisha au kushusha kwenye bafle peke yake. Imla: 10 kwa 20.

Hatua ya tatu ilikuwa mapambo. Mashini nyingi zinakuja na vitu vinavyoitwa «améliorations», vya kuongeza sauti nene ili muziki upige kifua. Kwa rumba ni vizuri. Kwa matangazo ya vifo ni sumu. Tulizima cha kuongeza sauti nene. Kisha ndani ya VLC tukafungua «Effets et filtres», tukawasha «Égaliseur». Mtaona vitufe vimesimama kwa mstari, kila kimoja na namba yake. Kushoto ni sauti nene, kulia ni nyembamba. Tulishusha vile vya 60 na 170, tukapandisha kidogo kile cha 3 KHz, maana hapo ndipo herufi nyingi za kutofautisha maneno zinapokaa. Kidogo, wamama, si mpaka juu. Ukizidisha, sauti inakuwa kali kama kisu juu ya sahani. Imla: 12.

Jambo lingine tulilijua kwa ajili ya sikio la kushoto la Mama, ambalo ni dhaifu kuliko la kulia. Sauti ya mashini hugawanyika mara mbili, upande wa kushoto na upande wa kulia, na pengine mtu mmoja anasemea upande mmoja tu. Mwenye sikio moja zuri anakosa nusu ya mazungumzo. Dawa yake inaitwa «Audio mono». Iko katika mipangilio ya Windows 10 na zilizofuata, na simu nyingi za Android zinayo chini ya «Accessibilité». Ukiiwasha, pande zote mbili zinasema yote. Wenye wazazi wanaotumia ekuta masikioni, hili lisiwapite.

Jirani yetu naye, aliposikia tunafanya hayo, alikuja na bafle yake ya Bluetooth. Alilalamika kwamba kwenye simu inaimba vizuri, lakini kwenye mashini inatoa sauti kama mtu aliye ndani ya kopo. Bafle haikuwa mbovu. Ilikuwa na maikro ndani, na mashini iliishika kwa namna ya kupokea simu, «mains libres», ambayo inabana sauti ili kuacha nafasi ya maikro. Tulichagua ile iliyoandikwa «stéréo», akaondoka anacheza njiani.

Hatua ya nne haikuwa ndani ya mashini kabisa. Ilikuwa nyumba yenyewe. Bafle zetu zilikuwa chini sakafuni, kwenye kona, nyuma ya kiti. Kona inavimbisha sauti nene. Sakafu ya simenti na ukuta mtupu vinarudisha sauti, kila neno linakanyaga lililotangulia. Tulizitoa kwenye kona, tukaziweka juu ya meza ndogo kimo cha sikio la mtu aliyekaa, zikimwangalia Mama. Ukutani nyuma ya kiti chake tulitundika blanketi, chini tukatandika mkeka, na mapazia tuliyashona kwa vikwembe vizee vya mpira mzito. Kiti chake tukakigeuza, sikio la kulia lielekee bafle. Hatukutumia hata franka moja. Imla: 14 kwa 20.

Kumbukeni kwamba uso kwa uso alipata 15. Kwa hiyo njia yetu ilikuwa imekaribia kuwa nzuri kama mdomo wa mtu. Bafle kubwa ya harusi isingetupeleka mbali zaidi. Zamu ya likelemba ilipofika, minervali ililipwa.

Lakini 15 bado si 20. Yale maneno matano ya mwisho hayakuwa ya mashini. Tulimpeleka Mama hospitali, wakamwangalia masikio. Sikio la kushoto lilikuwa limejaa nta ngumu, ya siku nyingi. Muuguzi alilainisha, akasafisha kwa maji ya vuguvugu. Wiki ile Mama alipata 17. Yaliyobaki ni ya umri, na hayo tunayabeba pamoja naye: tunamsemea mbele ya uso, polepole, bila kufoka. Msichokonoe masikio ya wazee wala ya watoto kwa njiti ya kiberiti au pini ya nywele. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada. Wengi wao wako majumbani kama Mama wetu, wanaitwa wakaidi.

Kuna mama atatuuliza: kazi yote hii kwa ajili ya redio tu? Tunamjibu kwa kumkumbusha Mei 2021. Jumamosi tarehe 22 jioni Nyiragongo ilitapika. Alhamisi tarehe 27 asubuhi, gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Constant Ndima, akatangaza kwamba kartie 10 kati ya 18 za mji zihame. Majina yakasomwa. Majengo, Mapendo, Mabanga... sikilizeni wenyewe jinsi yanavyofanana yakitoka kwenye kifaa kibovu. Kila nyumba ilikuwa inaulizana: sisi tumo, hatumo? Nyumbani kwetu Mama aliuliza mara tatu wamesema nini. Tulimjibu: twende tu. Alitembea nasi barabara ya Sake katikati ya watu wengi, bila kuelewa anakimbia nini wala kwa muda gani. Dawa zake za presha zilibaki mezani, kwa sababu hakujua kwamba tunaenda kulala nje. Angesikia mwenyewe tangazo lile, angezichukua. Hatukumnyima kusikia kwa ubaya. Tulimnyima kwa haraka, na kwa kuzoea kwamba yeye haelewi.

Kwa hiyo sauti ya nyumba inatengenezwa siku ya amani, ili siku ya mbio iwe tayari. Na msitegemee intaneti peke yake. Umeme ukikatika na mtandao ukilala, mashini inakuwa ubao mtupu. Sisi tunaweka redio ndogo ya mawe juu ya kabati, imewekwa tayari kwenye mawimbi ya redio inayosikika vizuri hapa mjini, na mawe mapya pembeni. Haili mega. Watoto wanajua kwamba si ya kuchezea.

Tunajua bado kitu kimoja kigumu kuliko mashini. Tulipomaliza kazi yote tulikaa mbele ya Mama, tukamwomba msamaha kwa ile miaka ya kumjibu nusu nusu. Alitutazama kwa muda, akasema: "Wanangu, mimi nilidhani mmechoka kunisemesha." Yaani wakati sisi tulikuwa tunadhani hataki kusikia, yeye alikuwa anadhani hatutaki kusema. Hapo katikati palikuwa na bafle mbili za chini ya kiti.

Sasa jioni Mama anakaa nasi saloni. Anatusahihisha sisi wenyewe tunapokosea habari. Mwezi uliopita ulisomwa msiba mwingine. Alisikia jina, jina la pili, kijiji na saa ya mazishi. Alikuwa rafiki yake wa ujana, waliyelima naye. Safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza. Mama alilia, nasi tukalia naye, na kabla ya kulala tulituma mchango wa kilio kwa simu, ukafika kabla ya maziko.

Jumamosi tukikutana, leteni simu zenu na ekuta zenu. Tutafungua pamoja ile «Audio mono», na tutapunguza zile video zinazokula mega. Anayependa kunakili yale maneno 20 ya imla, aje na daftari. Lakini kabla ya Jumamosi, wamama, fanyeni jambo moja leo jioni. Zimeni kila kitu, mkae mbele ya mzee wenu uso kwa uso, mmwambie maneno machache kwa sauti ya kawaida. Kisha muwashe redio, mmuulize amesikia nini. Tofauti mtakayoiona katikati, hiyo ndiyo kazi yenu.